MAISHA YA CARL VON BASEDOW, MGANGA WA MERSEBURG



Katika namba hii tunawaletea maisha ya mtu ambaye jina lake linasikika mara kwa mara katika lopitali za inchi yetu, lakini ni wachache wanaojua alikuwa nani. Mganga akiona mgonjwa mwenye shingo iliyovimba, macho yaliyotoka inje na moyo unaopiga mbio, ataandika katika karatasi yake: ugonjwa wa Basedow. Watu wengine wakisikia neno hilo wanafikiri ni jina la mdudu ao jina la dawa. Hapana. Ni jina la mtu. Alizaliwa, alisoma, alitumika kazi yake, akafa, sawasawa na watu wote.

Tumemchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, alitoka katika jamaa ya mwalimu mkubwa, na sisi hapa ni watu wa masomo. Ya pili, ugonjwa alioueleza unakamata hata vijana wa umri wetu. Na ukikamata mwanafunzi, mara nyingi watu hawaoni mgonjwa. Wanaona mwanafunzi mbaya. Neno hilo tunaomba mulishike mpaka mwisho wa habari hii.

MJUKUU WA MWALIMU

Carl Adolph von Basedow alizaliwa tarehe 28 mwezi wa tatu mwaka 1799, katika mji wa Dessau. Leo mji huo uko katika inchi ya Ujerumani. Lakini siku zile Ujerumani haikuwa bado inchi moja. Ilikuwa imekatwakatwa vipande vingi, kila kipande na mtawala wake. Dessau ulikuwa mji mkubwa wa kipande kidogo kilichoitwa Anhalt-Dessau.

Babu yake, Johann Bernhard Basedow, alijulikana sana kuliko wote wa jamaa hiyo. Huyu mzee hakuwa mganga, alikuwa mwalimu. Katika wakati wake, mtoto akiingia masomo alipashwa kukaa kimya saa nyingi, kushika maneno kwa kichwa bila kuyafahamu, na kupigwa fimbo akitikisika. Mzee Basedow alikataa namna hiyo. Alisema mtoto anajifunza vizuri akiona kitu kwa macho, akikishika kwa mikono, akicheza na akikimbia. Mwaka 1774, kwa musaada wa mtawala wa Dessau, alifungua masomo mapya yaliyoitwa Philanthropinum, maana yake mahali pa kupenda watu. Huko watoto walifanya michezo ya mwili, walijifunza kazi za mikono, na walifundishwa kwa picha na mazungumzo. Watu wa mbali walikuja kutazama.

Tuseme kweli yote: mzee huyu alikuwa mtu mgumu, alishindwa kupatana na walimu wenzake, na hakukaa siku mingi katika uongozi. Alikufa mwaka 1790. Masomo yenyewe yalifungwa mwaka 1793. Mjukuu wake Carl hakumuona babu kwa macho, wala hakukaa katika yale madarasa. Lakini jina alilobeba lilikuwa jina la mtu aliyesema kwamba kabla ya kumpiga mtoto, inafaa kwanza kumtazama. Mutaona kwamba mjukuu alifanya kazi ya namna hiyo, lakini kwa wagonjwa.

MASOMO YAKE

Carl alikomaa katika wakati wa vita. Majeshi ya Napoleon yalipita katika Ujerumani yote, na mwaka 1813, wakati Carl alikuwa na miaka 14, vita kubwa sana ilipigwa Leipzig, si mbali na kwao. Vita ilipokwisha alikwenda Halle, mji wenye chuo kikubwa, kusoma uganga. Alimaliza mwaka 1821, na kitabu chake cha mwisho kilieleza njia ya kukata mguu ao mkono ulioharibika.

Alifika pia Paris na kukaa miaka karibu miwili katika lopitali mbili kubwa, Charité na Hôtel-Dieu. Wakati ule Paris ilikuwa mahali ambapo waganga vijana wa Ulaya walitaka kufika. Mwaka 1819, katika mji huo huo, mganga Laennec alikuwa ametoa kitabu chake juu ya kusikiliza kifua cha mgonjwa kwa kutumia mrija wa mti. Ndiyo mwanzo wa kile chombo ambacho leo waganga wanavaa shingoni. Waganga wa Paris walifundisha wanafunzi wao mambo haya: tazama mgonjwa, mguse, msikilize, andika uliyoona, na akifa, fungua maiti uone kama ulisema kweli. Basedow alishika fundisho hilo maisha yake yote. Na fundisho hilo hilo, upande wake wa mwisho, ndilo lilimpeleka kaburini, kama tutakavyosema mbele.

MGANGA WA MJI MDOGO

Mwaka 1822 alihamia Merseburg, mji mdogo kando ya mto Saale, karibu na Halle. Mji huo ulikuwa umeingia chini ya mfalme wa Prussia tangu mwaka 1815. Basedow alikaa huko zaidi ya miaka 30, mpaka kufa.

Ndugu, musifikiri kwamba alikuwa profesa mwenye chumba cha vyombo na wasaidizi wengi. Alikuwa mganga wa watu wote. Mtu akivunjika mguu, anaitwa Basedow. Mama akishindwa kuzaa, anaitwa Basedow. Homa ikiingia katika nyumba, tena Basedow. Baadaye alipewa pia kazi ya mganga wa serikali wa upande ule. Waganga wetu wa lopitali za mbali, wale wanaopasua asubuhi, wanatibu watoto saa sita na kuhesabu dawa mangaribi, wangefahamiana naye mara moja.

Lakini kukaa siku mingi mahali pamoja kulimpa kitu ambacho profesa wa mji mkubwa hakukipata: aliona wagonjwa wale wale mwaka kwa mwaka. Alijua mtu fulani alikuwa na sura gani kabla ya kuugua, alikuwa anasema namna gani, alikuwa mnene ao mwembamba. Kwa hiyo mabadiliko hayakumpita.

MAMA ALIYESEMWA KWAMBA AMERUKWA NA AKILI

Mmoja wa wagonjwa wake alikuwa mama wa mji ule. Mama huyu alianza kukonda, na hata hivyo alikuwa anakula vizuri. Alisikia joto wakati wengine walisikia baridi, na jasho lilimtoka. Mikono ilimtetemeka. Moyo wake ulipiga mbio hata akiwa amekaa. Shingo yake ilivimba mbele. Alisema maneno upesi upesi, mara alicheka, mara alihangaika, na hakuonyesha kujali hali yake. Halafu macho yakaanza kutoka inje, hata akilala hayakufungika sawasawa.

Watu wa mji walimtazama mama huyu wakasema: amerukwa na akili. Si muliona ginsi anavyokodoa macho? Si mulisikia anavyosema? Kwao neno lilikuwa limekwisha.

Basedow hakukubali. Alimpima mama huyo kama alivyofundishwa, kitu kimoja kimoja. Na kwa kuwa alikuwa na kumbukumbu nzuri ya wagonjwa wake, aliona kwamba hakuwa peke yake. Kulikuwa wengine wenye mambo yale yale pamoja. Mwaka 1840 alitoa habari ya wagonjwa 4, wanawake 3 na mwanaume mmoja, katika gazeti la waganga lililotoka Berlin kila juma. Alionyesha kwamba mambo matatu yanakwenda pamoja: rovu, ndiyo ule uvimbe wa mbele ya shingo, macho yaliyotoka, na moyo unaopiga mbio. Waganga waliofwata waliyaita mambo hayo matatu kwa jina la mji wake, utatu wa Merseburg.

Pamoja na yale matatu aliandika mengine: kukonda, jasho, kutetemeka, tumbo kuharisha, wasiwasi. Alieleza pia kwamba macho yanatoka kwa sababu nyama iliyo nyuma ya jicho, ndani ya tundu la mfupa, inavimba na kulisukuma jicho mbele. Hilo ni kweli hata leo.

Juu ya chanzo, alikosea. Alifikiri damu ya wagonjwa hao imeharibika. Hatuwezi kumlaumu, kwa maana siku zile hakuna mtu aliyejua tezi ya shingo ina kazi gani katika mwili. Aliwapa dawa za wakati wake, na kati yake maji ya chemchemi yenye iodini, na wengine walipata nafuu.

Munaona sasa ukubwa wa kazi yake. Hakuwa na mashine wala vipimo vya damu. Alikuwa na macho, masikio, vidole juu ya mkono wa mgonjwa, na kalamu. Na alikataa kusema kama watu wengine kabla hajapima.

JINA LA NANI?

Basedow hakuwa mtu wa kwanza kuona ugonjwa huu. Katika Uingereza, mganga Caleb Parry wa mji wa Bath aliuona tangu mwaka 1786, lakini maandiko yake yalitolewa mwaka 1825, wakati yeye alikuwa amekwisha kufa. Katika inchi ya Ireland, mganga Robert Graves wa Dublin alitoa habari ya wanawake 3 mwaka 1835, ndiyo miaka 5 mbele ya Basedow.

Kwa hiyo jina la ugonjwa linageuka kufwatana na luga. Wanaosoma kwa Kiingereza wanasema ugonjwa wa Graves. Wajerumani wanasema ugonjwa wa Basedow, tangu mganga mwenzao Georg Hirsch kutoa shauri hilo mwaka 1858. Wafaransa nao? Trousseau, mganga mkubwa wa Paris, alilipenda jina la Graves na kulitetea sana. Hata hivyo, katika Kifaransa jina la Basedow ndilo lililobaki, na kwa njia ya Kifaransa likafika Ubelgiji, na kiisha katika lopitali zetu za Congo. Basi mwanafunzi wetu akienda kusoma uganga Kampala ao Nairobi, asishangae kusikia jina lingine. Ugonjwa ni ule ule.

Basedow mwenyewe hakuona mabishano hayo. Alikuwa amekwisha kufa.

KIFO CHAKE

Mwaka 1854 Basedow alifungua maiti ya mgonjwa aliyekufa kwa tifusi. Si ile tifoide tunayoijua, inayoletwa na maji machafu na chakula kichafu. Tifusi ni homa ingine, yenye kutoa madoa juu ya mwili, na ilikuwa inaua watu wengi Ulaya katika vita na katika njaa. Basedow alitaka kuona ndani ya mwili ugonjwa ule ulifanya nini. Palepale aliambukizwa. Alikufa tarehe 11 mwezi wa ine, majuma mawili tu nyuma ya kutimiza miaka 55.

Siku zile hakuna aliyejua kwamba tifusi inabebwa na chawa wa nguo. Jambo hilo lilionyeshwa mwaka 1909 na mganga Charles Nicolle, hapa hapa Afrika, katika mji wa Tunis. Basedow alikufa akifanya kile alichofundishwa tangu ujana wake: kutazama mpaka mwisho.

MAMBO YALIYOJULIKANA NYUMA YAKE

Alipokufa, swali kubwa lilibaki: chanzo ni nini? Waganga wengine walisema ni moyo. Wengine walisema ni mishipa ya akili. Mwaka 1886 Paul Möbius, Mjerumani, alisema chanzo ni tezi ya shingo yenyewe, inayotumika kupita kipimo. Hapo njia ilifunguka.

Tezi hiyo inaitwa tiroidi. Iko mbele ya shingo, chini ya koo la sauti, na umbo lake ni sawa na kipepeo aliyefungua mabawa. Inachukua iodini kutoka chakula na kutengeneza homoni, ndiyo maji ya kazi yanayoingia katika damu na kufika mahali pote pa mwili. Iodini ndani ya tezi hiyo ilivumbuliwa na Eugen Baumann mwaka 1895, na homoni kubwa yake, tiroksini, ilitengwa na Edward Kendall wa Marekani mwaka 1914.

Homoni hiyo inafanya kazi gani? Fikirini mbabula ya makala. Ukipepea kidogo, moto unakuwa wa kadiri na chakula kinaiva. Usipopepea, moto unalala. Ukipepea mbio mbio bila kupumzika, moto unawaka sana, joto linazidi, na makala inaisha upesi. Homoni ya tiroidi ndiyo upepo huo. Ikipunguka, mtu anakuwa mzito, anasikia baridi, akili inakwenda polepole. Ikizidi, mwili unachoma chakula chote, moyo unakimbia, jasho linatoka, mikono inatetemeka, usingizi unakimbia.

Katika mwili mzima, kuna tezi ingine chini ya ubongo inayotoa amri: pepea, ao acha. Lakini katika ugonjwa wa Basedow amri hiyo haisikiwi tena. Askari wa mwili, wale wanaopashwa kupigana na wadudu, wanakosea na kutengeneza kitu kinachoshika tezi ya shingo na kuiambia mchana na usiku: pepea, pepea. Dalili ya kwanza ya kitu hicho ilionekana katika damu ya wagonjwa mwaka 1956, kwa kazi ya Adams na Purves katika New Zealand. Miaka 116 ilikuwa imepita tangu habari ya Basedow.

Matibabu nayo yalikuja polepole. Theodor Kocher, mpasuaji wa Bern katika Uswisi, aliwafundisha waganga kupasua tezi hiyo bila kuua watu wengi, na mwaka 1909 akapewa zawadi ya Nobel. Mwaka 1943 Edwin Astwood wa Marekani alionyesha dawa za kwanza za kuzuia tezi isitengeneze homoni nyingi. Dawa za jamaa hiyo ndizo zinatumika hata leo.

TUSICHANGANYE MAROVU

Kwetu mashariki ya Congo, watu wengi wakiona shingo iliyovimba wanafikiri ni ugonjwa mmoja tu. Sivyo. Katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, marovu yalikuwa mengi sana, na watafiti wa Lwiro walikwenda huko kutafuta sababu. Waliona kwamba iodini inakosekana katika udongo na chakula, na tena muhogo usiolowekwa vizuri una sumu inayozuia tezi kushika iodini kidogo iliyopo. Tezi inavimba kwa kuhangaika kutafuta iodini. Hilo ni rovu la ukosefu, na mara nyingi mwenyewe hana homoni ya kuzidi. Mama mwenye mimba akikosa iodini sana, mtoto anaweza kuzaliwa na akili iliyofungwa na mwili usiokomaa.

Chumvi yenye iodini ndiyo iliyosaidia. Mwaka 1996 waganga waliandika kwamba katika Kivu, chumvi hiyo ilipofika, watu wengine wenye marovu ya zamani walipata moyo wa mbio, kwa sababu tezi iliyozoea njaa ilishiba mara moja. Hatari hiyo ni ya muda na ya watu wachache, lakini faida ya chumvi ni ya watoto wote. Kwa hiyo musiache chumvi yenye iodini. Bali mtu mwenye rovu la siku mingi, akianza kutetemeka na kukonda, aende apimwe.

NA SISI WANAFUNZI?

Sasa tunafika kwenye neno tulilowaomba kushika. Wagonjwa wanne wa Basedow walikuwa watu wazima. Lakini leo inajulikana kwamba watoto na vijana pia wanakamatwa. Kwa watoto wadogo ni nadra. Unaongezeka katika miaka ya kukomaa mwili, ndiyo miaka ya masomo ya sekondari, na wasichana wanakamatwa wengi kuliko wavulana. Mara ingine katika jamaa kuna mama, shangazi ao dada mkubwa aliyekuwa na ugonjwa wa tezi.

Na hapa ndipo hatari iko. Kwa mtu mzima, ugonjwa unaonekana upesi katika macho na moyo. Kwa kijana, macho hayatoki sana kila mara. Kitu kinachoonekana kwanza ni tabia. Mtoto aliyekuwa mtulivu anakuwa mtu wa hasira na kilio. Hakai kimya katika darasa. Maandishi yake yaliyokuwa mazuri yanaharibika, kwa sababu vidole vinatetemeka. Alama zinaanguka. Usiku halali, asubuhi anasinzia juu ya meza. Mwalimu anasema: mvivu, hana adabu. Wenzake wanasema: anakunywa kitu. Katika jamaa wanaanza kusema maneno ya uchawi, na pesa ya lopitali inakwenda kwa mfumu. Hivi ndivyo watu wa Merseburg walivyofanya kwa yule mama, karibu miaka 200 iliyopita, na hawakuwa wajinga kuliko sisi.

Basi tazameni alama hizi, zaidi zikiwa nyingi pamoja na zikidumu majuma mengi:

1. Kukonda na hali mtu anakula sana, ao kurefuka upesi bila kunenepa.
2. Moyo kupiga mbio hata mtu akiwa amepumzika. Weka vidole juu ya mshipa wa mkono, hesabu dakika moja nzima. Kijana aliyekaa kimya, asiye na homa, akipita 100 mara kwa mara, apimwe.
3. Mikono kutetemeka. Mwambie anyooshe mikono mbele, weka karatasi juu ya vidole, utaiona inatikisika.
4. Kusikia joto na kutoka jasho wakati wengine wanavaa makoti.
5. Uvimbe mbele ya shingo, unaopanda na kushuka mtu akimeza mate.
6. Macho kukodoka, kukauka ao kutoa machozi.
7. Miguu kukosa nguvu akipanda mlima ao ngazi; kuharisha mara kwa mara.
8. Kugeuka kwa tabia na kuanguka kwa alama bila sababu inayojulikana.
9. Kwa msichana, siku za mwezi kupunguka ao kukosekana.

Hatusemi kwamba kila mwanafunzi mwenye fujo ni mgonjwa! Wengine wanafanya fujo tu, na wanajijua. Tena kukonda kunaweza kuletwa na njaa, na kifua kikuu, na minyoo, na sukari. Tunasema tu: mabadiliko makubwa ya mtu tuliyemjua vizuri yanapashwa kupimwa kabla ya kuhukumiwa. Kipimo cha damu kinaonyesha homoni za tezi, na hakuna mtu anayeweza kuuhakikisha ugonjwa huu kwa kutazama peke yake. Kipimo hicho hakiko katika kila kituo cha afya. Muuguzi wa kituo atasema mgonjwa aende lopitali gani.

Ugonjwa huu ukiachwa, unachosha moyo na kula mifupa na nguvu za mwili, na unaweza kuua. Ukitibiwa, kijana anarudi darasani. Anapewa vidonge, karbimazoli ao tiamazoli, kwa muda wa miaka miwili ao zaidi, na pengine dawa ingine ya kutuliza moyo mwanzoni. Dawa ya jamaa hiyo iitwayo propiltiourasili haipewi watoto kwa kawaida, kwa maana inaweza kuharibu ini. Asiache vidonge kwa sababu anajisikia vizuri, maana ugonjwa unaweza kurudi. Na neno moja la lazima: akiwa katika vidonge hivyo akipata homa na maumivu ya koo, aache kuvimeza na aende lopitali siku ile ile apimwe damu, kwa sababu mara chache dawa hizo zinamaliza askari wa damu. Vidonge vikishindwa, kuna kupasuliwa, kuna pia iodini ya kuchoma tezi. Nyuma ya hizo mara nyingi mtu anameza homoni maisha yake yote, kidonge kimoja kila siku, na anakaa vizuri.

Kwa ninyi wenzetu wa darasa: mwenzenu akipimwa na kuonekana ana ugonjwa huu, musimcheke macho wala shingo. Hauambukizi. Munaweza kula naye na kulala naye katika chumba kimoja. Wakati wa mbio na mpira, mumuache apumzike mpaka mganga aseme ndiyo. Na walimu wetu tunawaomba kwa heshima: mkikuta mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani anaanguka ghafula, kabla ya kumwandikia wazazi barua ya kumfukuza, mumtume kwanza kwa muuguzi.

MANENO YA MWISHO

Carl von Basedow hakujenga lopitali kubwa. Hakuvumbua dawa iliyoponyesha ugonjwa wake. Hata chanzo chake hakukijua. Alikuwa mganga wa mji mdogo, na watu wa mji walikuwa wamekwisha kumpa mama mmoja jina la kichaa. Yeye alikaa karibu na mama huyo, akahesabu mapigo ya moyo wake, akatazama mikono yake, akaandika. Kwa kazi hiyo jina lake limepita milima na bahari mpaka kwetu.

Nasi hatuna mashine kubwa hapa. Lakini macho tunayo, vidole tunavyo, saa ya kuhesabu dakika moja haikosekani. Kabla ya kusema mwenzako ni mvivu, ni mkali, amerogwa, mshike mkono uhesabu.

Ni hayo kwa leo. Musome kwa afya.